Pombe ya Kulimia

Kijimji chetu kiko mbele ya Ndalambo, ukiiacha lami na kushika barabara ya vumbi. Wengi wanaopita na magari hawajui kwamba wamepita mji. Kuna maduka sita, na matatu kati ya hayo yamefungwa. Kuna mashine ya kusaga, kanisa, shule ya msingi, zahanati yenye mhudumu mmoja na kijiwe cha bodaboda pembeni ya nguzo ya umeme. Umeme ulipokuja tulishangilia, tukanunua balbu. Sasa usiku ukiwaka tunaona vizuri zaidi kwamba hakuna cha kuona.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimeolewa Mlowo, nikarudi nyumbani, na sababu za kurudi hazimhusu mtu. Cherehani yangu iko barazani kwa Mama, jirani na mashine ya kusaga, na nikiwa pale namwona kila anayeingia na kila anayetoka. Wanaoingia ni wachache, na wengi wao wameletwa na msiba. Wanaotoka ndio wateja wangu. Kijana akishaamua kwenda Tunduma huniletea suruali niibane miguu, maana hataki kuonekana ametoka shamba. Naibana. Baada ya muda nasikia yuko mpakani, anabeba mizigo ya watu, anabadilisha kwacha, amekuwa winga, dalali wa bidhaa asiyoijua. Nimebana suruali za kizazi kizima. Kuna siku nilifikiri labda ningezishona ovyo wasingeondoka, lakini wangezivaa hivyo hivyo na kutafuta fundi mwingine wakifika.

Maisha yetu ya kila siku hayana mengi ya kusimulia. Watoto wanapita kwenda shule, baadaye mbuzi wanapita kwenda kwenye bustani za watu, baadaye mwenye bustani anapita akifukuza mbuzi. Mchana kimya. Jioni mashine ya kusaga inawashwa, tunapiga kelele kusikilizana mpaka izimwe, halafu tunakuwa tumesahau tulichotaka kuambiana. Ukiniuliza nini kilitokea mwezi uliopita nitakuuliza mwezi gani.

Mama yangu hakuwahi kutaka kuishi mahali pengine. Ana shamba la ekari tatu ng'ambo ya kijito, aliloachiwa na marehemu Baba, na kila mwaka analima mahindi, ndani yake maharage, na kando kando maboga. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa, na miguu yake imepinda kidogo kwa miaka ya kuinama. Akikusalimu unasikia kama unagombezwa. Nimekaa naye muda mrefu na bado sijajua siku ambayo amenikasirikia na siku ambayo anazungumza tu.

Kaka yangu anaishi Chapwa, nje kidogo ya Tunduma. Amejenga vyumba, anauza matairi yaliyotumika, na ni mtu mwema. Huo ndio ugumu wake, maana huwezi kumkasirikia ukatosheka. Alikuja Krismasi na familia yake, akazunguka shambani, akarudi. Mwaka uliotangulia nusu ya shamba ilikuwa imemezwa na majani, na Mama alikuwa amekohoa masika yote. Tulipomaliza kula, kaka akasema alichokuja nacho.

"Mama, mwaka huu palizi ikikushinda, basi. Msimu mwingine hulimi. Unakuja kwangu."

Mama alikuwa anatoa punje za mahindi kwenye gunzi. Hakuinua uso.

"Ikinishinda nitakuja," alisema. "Lakini haijanishinda."

"Umekubali, Mama? Dada yupo hapa, amesikia."

"Nimekubali. Kwani mimi mtoto?"

Kaka aliondoka ameridhika. Mimi sikulala vizuri, kwa sababu Mama hajawahi kulirudisha neno lake. Akisema kitu hufanya, hata kama kimeshakuwa upuuzi. Wakati wa ujana wake aliwahi kuapa kwamba hataingia duka fulani, na mwenye duka akafa, akaja mwingine, na mwingine tena, na Mama bado anapita upande wa pili wa barabara. Nilijua palizi ikimshinda atakwenda Chapwa, na nilijua Chapwa atakaa kwenye kiti cha plastiki uani akiangalia ukuta wa jirani. Na mimi nitabaki na cherehani na nyumba isiyo na mtu wa kunigombeza.

Kwa asiyejua, palizi si kazi ya mzaha. Mahindi yakifika usawa wa muundi, mvua nayo imekolea, majani yanaota usiku na mchana. Ukichelewa kidogo yanayapita mahindi, mahindi yanakuwa ya njano, na hapo hata ukipalilia unapalilia msiba. Ekari tatu kwa wanawake wawili, mmoja mzee na mwingine aliyezoea kukaa, haziwezekani. Tulianza kupalilia upande wa kijito, na tulipogeuka nyuma kule tulikoanzia kulikuwa kumeshachipua.

Kaka alikuwa ameliona hilo, akatuma dawa ya kuua magugu. Ililetwa na bodaboda ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Mama akaniita nimsomee kibandiko.

"Inaua nini?"

"Majani mapana yote, haigusi mahindi."

"Maharage ni jani gani?"

"Jani pana."

"Na maboga?"

Nikaifunga tena chupa kwenye gazeti.

"Kwa hiyo mwanangu ananitumia sumu nile ugali mtupu," alisema, akaichukua chupa na kuisukuma uvunguni. Bado ipo hapo. Nikifagia naigusa na ufagio.

Njia aliyoijua yeye ilikuwa moja, na ndiyo waliyoitumia wazazi wake: pombe ya kulimia. Unapika pombe ya ulezi, unapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu siku, na siku hiyo alfajiri wanakuja na majembe yao. Wanapalilia kwa mstari, wanaimba, hakuna anayeonja kitu mpaka mstari ufike mwisho wa shamba. Ukifika, pombe inaletwa. Hakuna anayelipwa. Mwenzako naye akipika, utakwenda kwake, na usipokwenda watu wataliongea jina lako kisimani. Pombe yenyewe ina siku yake. Ikiiva inanyweka siku hiyo, ikilala inageuka, na ikilala tena inafaa nguruwe.

Nilipokuwa mdogo shamba la Mama lilikuwa linapaliliwa kwa asubuhi moja. Nakumbuka mstari wa watu kutoka kijitoni mpaka kwenye miti, na mbele yao mzee mmoja, rafiki wa Baba, ambaye Mama alimwita shemeji na ambaye kazi yake ilikuwa kuanzisha wimbo na kutukana majembe ya wenzake. "Hilo lako linalima au linakuna mgongo?" "Wewe, hilo jembe umeliazima kwa mkwe, mbona unaliogopa?" Watu walicheka na mikono yao haikusimama. Akiwepo yeye, kazi ilikuwa inakwisha bila mtu kuiona. Asipokuwepo, watu walikuwa wanaangalia jua.

Siku hizi wapikaji wa namna hiyo wamebaki wachache. Vijana wanataka fedha mkononi, na siwezi kuwalaumu. Mmoja alimwambia Mama bila kumficha, "Mama, pombe hainunui bando." Kanisa nalo linakataza. Mama ni wa umoja wa wanawake, anavaa kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili na anaimba sauti ya pili. Mwinjilisti wetu akiona kimea kimeanikwa kwenye mkeka uani kwetu hubadilisha njia ya kupita, apite nyuma ya mashine, ili asione. Kuna mara moja alishtukizwa, wakakutana uso kwa uso, ikabidi aulize.

"Mama, na hii?"

"Mimi sinywi, mwinjilisti. Mimi nalimia."

Akasema atamwombea, akaenda zake. Ndivyo wanavyoishi miaka yote.

Basi baada ya mwaka mpya Mama akatoa gunia la mwisho la ulezi. Akaloweka, akaotesha, akaanika, tukapeleka mashineni. Akazunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, na kanga yake ya sherehe. Jumamosi, kwangu, mje na majembe. Wazee wenzake walikubali, pamoja na akina mama wa umoja, ambao walisema wao watakuja kwa ajili ya uji, si pombe. Hata vijana wawili waliorudi kutoka Tunduma mikono mitupu walikubali, ingawa suruali zao zilikuwa za kubana na sikujua watainamaje. Nikapanga watu kichwani, huyu upande huu, yule upande ule, nikaona shamba linakwisha. Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu sikumbuki siku nyingine ya msimu ule niliyofurahi.

Aliyekuwa anakosekana ni yule mzee wa nyimbo. Miguu yake ilikuwa imevimba, na binti yake aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekuja kumchukua ili akatibiwe huko. Mama alimsindikiza mpaka kwenye gari.

"Shemeji, Jumamosi ya palizi nakuhitaji," alimwambia.

"Nitakuja nikae kwenye kiti," alijibu mzee. "Kutukana hakuhitaji miguu."

Jumatano asubuhi, Mama alikuwa amewasha moto chini ya pipa, maji hayajachemka, jirani yetu akaingia. Huyu jirani ni mjane, nyumba yake na yetu zinagusana, na ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia Mama kitu asiambiwe kitu. Alikuwa na simu mkononi. Habari zilikuwa zimetoka Nakonde. Mzee hali yake ni mbaya, hali chakula tena, hamtambui mtu.

Tulisema maneno yanayosemwa. Halafu jirani akaliangalia pipa.

"Dada, ungengoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Tujue kwanza, hali ya mzee."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu kila kitu kilichofuata kimekaa hapa. Kwetu mtu wa mji akifa, hata akifia mbali, hakuna anayegusa udongo kwa jembe mpaka azikwe. Haijalishi ni nani, mzee au kichanga. Mashamba yanasimama. Anayekutwa shambani anapigwa faini, na faini si kitu, aibu ndiyo inayobaki. Unga wa kimea ulikuwa mkavu kwenye ndoo, ungeweza kukaa mwezi mzima bila kuharibika. Ukishaingia kwenye maji ya moto haurudi tena, siku zinaanza kuhesabika. Kama mzee angefariki kabla ya Jumamosi, pombe ingeiva na hakuna ambaye angeruhusiwa kuinua jembe. Jirani aliliona hilo. Mama naye aliliona, nilimwona usoni.

Aliweka mwiko chini.

"Nikiuzima moto leo," alisema, "kesho watu wataniuliza, mama vipi, Jumamosi ipo? Nitawajibu nini? Niwaambie namngoja shemeji afe kwanza?"

Jirani akaifunga simu kwenye upindo wa kanga.

"Binti yake akisikia je? Kwamba baba yake bado anapumua, na mimi huku nimeshaanza kupanga siku zangu kwa kifo chake?"

Kwetu mtu akiwa hai hujiandai kwa kifo chake hata kwa jambo dogo. Mimi mwenyewe kama fundi niliwahi kuletewa kitambaa cheupe na watu waliokuwa na mgonjwa ndani, nikawarudisha nacho, na walielewa. Kumsubiri mtu afe ni kumwitia mauti. Mtu wa mjini angesema ni hesabu tu, ahirisha wiki moja, umepungukiwa nini. Sisi hatuna hesabu ya namna hiyo. Mama akaumimina unga ndani ya pipa na kuanza kukoroga, na mimi nikachukua mwiko wa pili.

Jioni ya Ijumaa pombe ilikuwa inachemka yenyewe, povu limepanda mpaka mdomoni mwa pipa, harufu imejaa uani. Mama alionja kwa ncha ya kidole na kutema. Kesho, alisema, kesho itakuwa imeiva sawasawa. Majembe yetu yalikuwa yamenolewa, yameegemezwa ukutani. Ndipo tukasikia rimu ya gari iliyotundikwa kanisani ikigongwa. Kwa ibada inagongwa haraka haraka. Hii iligongwa mara moja, ikaachwa mpaka mlio ukaisha, ikagongwa tena.

Mama hakuuliza ni nani. Alifunika pipa, akafunga kanga kiunoni, akatangulia kwenda msibani. Mimi nilibaki kuyaingiza majembe ndani, nikayaweka nyuma ya mlango.

Mwili ulikuwa Nakonde na ulitakiwa kuzikwa kwetu. Kati ya Nakonde na Tunduma ni hatua chache kwa mtu aliye hai, ndugu zetu walioko mpakani wanavuka asubuhi kununua sukari na kurudi. Maiti ni habari nyingine. Kulihitajika karatasi ya upande ule na karatasi ya upande huu, na ilikuwa mwisho wa wiki. Kaka yangu alifunga biashara yake akashinda mpakani anahangaika, akipiga simu kila mara kusema imebaki muhuri mmoja. Nilimshukuru. Pia niliwaza kwamba ni yeye atakayemchukua Mama, na ni yeye anayefanya kazi kama mwendawazimu ili msiba uishe haraka, na hajui kwamba anapigana dhidi ya lile alilolitaka.

Sisi tulikaa kwenye mikeka. Jumamosi ilipita. Mvua ilinyesha, na ilikuwa mvua nzuri, ile ambayo watu hufunga na kuomba kwa ajili yake. Wanawake walikuwa wanaimba, na katikati ya wimbo unamwona mtu anageuza shingo kuelekea mashambani, halafu anairudisha. Kila mtu alikuwa na majani yake yanayokua. Mimi nilimkasirikia marehemu, mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mtoto. Nilimkasirikia kabisa, nikiwa nimeketi mita chache kutoka kwa mke wake.

Mchana wa Jumamosi hiyo wazee wanaume walimfuata Mama kwa heshima, wamevua kofia.

"Mama, pole. Tunasikia ile pombe imeiva."

"Imeiva."

"Itaharibika, mama."

Nilitaka aseme hapana, aimwage, awape nguruwe. Lakini kumnyima mfiwa kitu kilichopo ndani ni jambo ambalo hakufundishwa.

"Kachukueni," alisema. "Lakini mnajua ni ya nini."

"Tunajua, mama. Tunajua kabisa."

Ilibebwa kwa ndoo mpaka nyuma ya nyumba ya msiba. Mwinjilisti aligeuza kiti chake, akalipa mgongo tukio zima na kuendelea kusoma Biblia. Ilikuwa pombe nzuri, kila aliyekunywa alisema, na wengine walilia vizuri zaidi baada ya kunywa. Mama alipita kati yao mara mbili na kuwaambia tena, taratibu, mnajua ni ya nini. Wote wakaitikia. Alishika jibu lile. Nilimwona akilishika.

Mwili ulifika hatimaye, juu ya gari la mizigo, na kaka yangu amekaa pembeni ya jeneza amelowa. Wanaume walikuwa wameshachimba. Katika siku zote zile majembe pekee yaliyogusa ardhi ya mji wetu yalikuwa ya kaburi. Walimzika, kwaya ikaimba, Mama akaimba sauti yake ya pili mpaka mwisho bila kukatika.

Asubuhi iliyofuata alikuwa shambani kabla ya jua. Alikuwa amepika makande sufuria kubwa, maana pombe haikuwepo tena na aliona vibaya kuwafanyisha watu kazi kwa tumbo tupu. Alipanga sahani juu ya jani la mgomba. Alikaa kwenye kisiki pale njia inapoingilia, na mimi nikasimama nyuma yake. Majani yalikuwa yamefika magotini. Mahindi ilibidi uyatafute.

Watu walianza kupita na majembe mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Wanapita. Kila mmoja alikuwa anakwenda kwake. Wengine walitazama mbele, wengine walisimama kuuliza hali, wakasema majani mwaka huu ni balaa, wakaendelea. Mama aliwajibu wote. Mmoja wa wale vijana wawili, aliyenyanyua suruali yake mpaka magotini, nilimzuia mimi.

"Nyie si mlikunywa?" nilimwambia. Nilishika mpini wa jembe lake. "Si mlisema mnajua ni ya nini?"

Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniudhi kuliko kitu chochote.

"Dada, ile tulinywea msibani. Ya msiba ni ya msiba."

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo sikuweza kulivumilia, kwamba hakuna aliyekosea. Kinacholiwa msibani hakidaiwi, kila mtu anajua, Mama mwenyewe alinifundisha. Walipoitikia kwamba wanajua, walikuwa wanamfariji mwanamke mzee. Nyumbani kwao kulikuwa na watoto na shamba limegeuka msitu, sawa na letu. Nilitafuta mtu wa kumchukia, nikapita mji mzima kichwani, sikumpata hata mmoja.

Jirani yetu ndiye aliyekuja. Alipalilia nasi mpaka jua likawa kali, kisha akasimama, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema, "Dada, nisamehe, na langu nalo." Mama akampa makande akale na wanawe. Yaliyobaki tuliyala sisi wawili siku mbili, mpaka yakachacha.

Tuliendelea kupalilia. Tulikuwa tunatoka gizani na kurudi gizani, na cherehani ilifunikwa gunia, sare za shule zikanirundikia. Mama hakusema neno juu ya Chapwa. Alipalilia kwa hasira, na hasira ilimpa nguvu kwa muda. Mahindi tuliyoyafikia yalikuwa tayari ya njano, membamba, yameegemeana. Halafu asubuhi moja katikati ya tuta niliona jembe lake limesimama na yeye amekaa chini kando yake. Nilidhani anapumzika. Nilipomfikia nikaona anajaribu kuinuka na miguu haimbebi.

"Imenishinda," alisema.

Hakuisema kwa sauti yake. Ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine. Nilipiga magoti kwenye tope, nikamwambia nitauza cherehani, tutaita vibarua, kesho tu nitakwenda Ndalambo, kuna mtu aliwahi kuiulizia. Nilikuwa nalia na kusema maneno mengi.

"Uuze cherehani, mwakani uuze nini?" alisema. "Mimi nilishasema. Nisaidie kuinuka."

Kaka alipanga kuja kumchukua Jumapili. Siku moja kabla, Mama akanituma kwa mfugaji.

Wafugaji hupanda kutoka bondeni, kutoka kule Kamsamba, wakitafuta majani, na huyu mmoja amekaa jirani na kijito miaka mingi. Yeye na Mama walikuwa hawapatani. Kila msimu Mama alizungushia shamba miiba, na kila msimu ng'ombe wake walijaribu mlango, na Mama aliwatandika kwa mawe na fimbo huku akimtukana mwenyewe kwa sauti iliyosikika mpaka zahanati. Waliwahi kufikishana kwa mwenyekiti. Nilipomwambia anaitwa alikuja amekunja uso, mtu mzima mwenye mvi, tayari amejiandaa kujitetea.

"Mama, ng'ombe wangu hawajaingia. Uliza mtu yeyote."

"Najua hawajaingia. Nataka waingie."

Alinitazama mimi. Mimi nikatazama pembeni.

"Mama, yale ni mahindi," alisema. "Hayajabeba. Mvua bado ipo, mama, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Kesho naondoka. Sitaki kuliacha liwe pori. Bora liliwe."

"Nikupe hata mbuzi."

"Sitaki mbuzi. Nitakaa naye wapi Chapwa?"

Alikwenda kuwaleta. Mama aliiondoa miiba ya mlangoni mwenyewe, mmoja mmoja, akairundika kando. Ilimchoma, hakuniruhusu nimsaidie. Ng'ombe walikuja wote, wakafika pale palipokuwa na mlango, wakasimama. Mfugaji aliwasukuma kwa fimbo. Walipanua pua, wakasikia harufu ya mahindi mabichi, lakini hawakuvuka. Walimwona Mama amesimama pale na walimfahamu. Wa mbele akarudi nyuma, akawagonga wenzake.

Mama akaingia shambani. Alivunja bua moja, lile lililokuwa na kijani kidogo, akarudi nalo mpaka kwa yule ng'ombe wa mbele na kulishika chini ya pua yake. Ng'ombe akanyoosha shingo. Mama akapiga hatua moja nyuma, akaingia katikati ya mahindi yake, bua mkononi, akimwita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akimwita nayo mtu.

"Njoo," alisema. "Njoo, sikupigi."